Plagi Mapajani

Pale Nkuhungu, Dodoma, mtu akianza kukueleza habari za Tereza, mama Lea, ataanzia kwenye plagi. Atakwambia umeme ukikatika tu, yule mama huacha chochote alichoshika, hata mwiko ukiwa ndani ya ugali, akaenda kuchomoa redio ukutani. Kisha hukaa kwenye kigoda na plagi mapajani, ameishika kwa mikono miwili, mpaka mtu amwambie kwamba umeme umerudi kitambo. Watoto wa mtaa walimpachika jina la Mama Plagi, na wakubwa wao wakawa wanacheka pembeni. Haya, wacheke. Wengi wao wamehamia juzi tu, hawajui kwamba mama huyo alifanya kazi ya mashine ya mbao miaka na miaka, wala hawajui siku moja aliyoiacha plagi ukutani ilimgharimu nini.

Tuanze na mumewe. Yoramu alikuwa Mgogo wa Mvumi, mrefu, mpole, hodari wa kuimba huku anapiga randa. Alikuwa fundi katika karakana ya shirika moja la umma pale mjini, wakitengeneza madawati na meza za ofisi. Ilipoingia miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria, mashirika yakaanza kufa moja baada ya jingine, na lao nalo likafa. Watu wakapunguzwa kazi, mashine zikapigwa mnada, na wale waliozitia grisi miaka yote wakasimama getini kuzitazama zikipakiwa kwenye malori ya wengine. Yoramu aliambulia moja, tena kuukuu: meza ya chuma ya kupasulia mbao, yenye msumeno wa duara unaochomoza katikati. Kinga ya kuufunika msumeno ilikuwa imepotea, na swichi ilikuwa imekufa. Kinga alichonga mwenyewe kwa mti wa mninga. Swichi aliitafuta Dodoma nzima, akawaagiza hadi wanaokwenda Dar es Salaam, wapi! Maduka yalikuwa yamefurika miaka ile, redio, saa, mitumba ya kila aina, lakini swichi ya mashine ile hakuna aliyefikiria kuileta. Ikabidi mashine iwashwe kwa kuchomeka plagi ukutani, na izimwe kwa kuichomoa.

Jambo hilo lilimkosesha raha. Kule karakanani aliwahi kuona mwenzake ameinama anasafisha msumeno, mtu mwingine akapita akaiwasha mashine akidhani anamsaidia. Hakupenda kulisimulia tukio lile, hata mkewe alilijua nusunusu. Ila lilikuwa limemkaa kichwani, na siku aliyoifunga mashine yake chini ya paa la bati uani kwake, akamwita Tereza akamwambia kwamba plagi ni yake yeye, si ya mtu mwingine yeyote.

Tereza alikuwa binti wa wafugaji kutoka upande wa Chemba, mwembamba, mwenye mikono ya nguvu. Hakuwa na mpango wa kuwa fundi. Lakini mbao ndefu haipasuliwi na mtu mmoja, lazima mmoja asukume na mwingine apokee upande wa pili, na Yoramu hakuwa na wa kumpokelea. Tereza akaingia kusaidia kidogo, kile kidogo kikawa kazi. Akavaa suruali ya mumewe. Jamani, maneno yaliyosemwa kanisani kuhusu suruali ile! Yoramu aliwajibu kwamba kitenge kikinaswa na mashine kinamvuta mwenye kitenge, kwa hiyo yeye anamtaka mkewe mzima, wao wabaki na vitenge vyao. Kilemba Tereza alikifunga nyuma, ncha akazichomeka ndani. Mikono ya blauzi aliikunja mpaka juu ya viwiko. Pete ya ndoa aliivua kila asubuhi akaitundika kwenye msumari, na Yoramu naye akatundika yake juu ya ile.

Mashine ikishaunguruma hamsikilizani, basi wakawa wanaongea kwa vichwa na macho. Yoramu akiinua kidevu, maana yake vuta. Akifumba macho kidogo, ngoja. Kipande cha mwisho cha mbao hakukisukuma kwa mkono hata mara moja, alikuwa na fimbo yake fupi ya kusukumia. Na msumeno ukihitaji kuguswa, iwe kunoa, iwe kutoa kijiti kilichobana, Yoramu alisema neno moja, "Plagi." Tereza alichomoa, akakaa kwenye kigoda karibu na ukuta, akaiweka plagi mapajani mahali pa wazi ili mumewe aione kwa macho yake. Hapo ndipo Yoramu alipoinua kinga na kuingiza mkono. Akimaliza, alikuja mbele ya mkewe, akafungua viganja vyote viwili, akasema, "Weka." Mtu mwingine angemwambia aichomeke, hata angekuwa padri, Tereza asingeichomeka.

Wageni waliona kama mchezo wa kitoto. Wenyewe walizoea, na katika kuzoea huko walikuwa na furaha yao. Tereza alipenda pale alipoletewa viganja, vyenye vumbi la mbao hadi kwenye kucha, akavitazama kimoja kimoja kabla ya kugeukia ukuta. Hakuwahi kumwambia mumewe kwamba anapapenda hapo kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku. Angeanzaje?

Sasa ukaja mwaka wa mgao. Walisema maji ya bwawa la Mtera yamepungua, na umeme ukawa wa kubahatisha. Unaondoka asubuhi, unarudi jioni, au haurudi kabisa. Ukirudi, watoto wa Nkuhungu walipiga ukelele mmoja kutoka nyumba hadi nyumba, mtaa mzima unalia "Umerudiii!", na hata watu wazima wakajikuta wanapiga makofi. Nani asiyekumbuka kelele zile? Zilikuwa kelele za furaha kabisa.

Mwaka huohuo akafariki mtoto wa Anastazia. Anastazia alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mhudumu wa ofisi ya serikali, Mhaya aliyeletwa Dodoma na kazi, ndugu zake wote wako mbali. Tereza ndiye aliyekuwa ndugu yake. Mimba ya pili ya Tereza ilipoharibika, ni Anastazia aliyelala naye kitanda kimoja, akamlisha uji kwa kijiko, akafua nguo ambazo mtu hapendi zifuliwe na mwingine. Mtoto wake, Optatus, alikuwa hajaanza hata shule. Homa ilimchukua upesi, walikwenda hospitali jioni, na asubuhi habari ikafika mtaani kwamba amekwisha. Yoramu hakusubiri kuombwa. Alitoa mbao za paina zilizo safi kuliko zote, akaanza kupasua jeneza. Hakwenda kuchukua vipimo. Yule mtoto alikuwa akija kila siku pale nje kuokota vipande vya mbao vya kuchezea, urefu wake aliujua.

Walifanya kazi bila kutazamana usoni. Ubao wa mwisho ulikuwa katikati ya msumeno umeme ulipokatika. Mashine ikalegea, ikanyamaza, na kipande chembamba kikabana kati ya msumeno na meza. Tereza aligeuka kwenda ukutani kama siku zote. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

Hapo ndipo kilio kilipotokea barabarani. Gari lilikuwa limemleta Anastazia kutoka hospitali, wanawake wamemshika huku na huku, naye anaita jina la mwanawe kwa sauti iliyopasuka. Sasa niambie wewe, ni mwanamke gani wa pale, au wa popote katika nchi hii, anayesikia kilio cha rafiki yake namna ile akabaki ameketi kwenye kigoda? Kilio kikifika unainuka. Ukimkuta mfiwa njiani unampokea kifuani mwako. Asiyeinuka anaonekana ana jambo, au ana roho mbaya. Tereza aliitazama plagi, akajisemea kwamba umeme wenyewe huu wa mgao umekatika sasa hivi, hauwezi kurudi leo, akakimbia.

Yoramu alikuwa anafuta vumbi machoni, na ukimuuliza mtu mkweli atakwambia labda lilikuwa vumbi na machozi. Alisema, "Plagi." Hakutazama. Miaka mingi ilikuwa imepita neno lile likijibiwa vilevile, naye siku ile hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Akainua kinga, akaingiza mkono kutoa kile kipande.

Tereza alikuwa amemkumbatia Anastazia, wanalia wote wawili, ndipo mtaa ukapiga ukelele. "Umerudiii!" Watoto waliruka na kushangilia kuanzia nyumba za chini mpaka juu kule. Na Tereza akajua. Alijua kabla hajageuka, kabla hajasikia chochote kutoka uani, maana kwa kelele zile asingeweza kusikia. Alimsukuma mfiwa kwa nguvu, mbele za watu, mpaka Anastazia akayumba, akakimbia.

Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikwenda. Kikabaki kidole gumba peke yake.

Jeneza alilimalizia Thobias, fundi wa mtaa wa pili, kwa msumeno wa mkono. Mtoto alizikwa siku ileile. Tereza hakuwepo mazikoni, alikuwa hospitali kwenye benchi, na nguo yake haikuwa ya kutazamika. Yoramu alipozinduka alimwuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ulikwenda wapi, mama Lea?" Jibu Yoramu mwenyewe alikuwa analijua, na hakuuliza tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Wageni walipoanza kufurika nyumbani kumpa pole, Yoramu alimwambia kila mmoja kwamba siku ile alikuwa peke yake. Mkewe alikuwa amekwenda msibani tangu asubuhi, akasema, na yeye kwa haraka zake akajisahau. Alisema hivyo kwa ndugu zake wa Mvumi, akasema kwa mchungaji, akasema kwa wenzake wa karakana ya zamani. Na Tereza amekaa palepale pembeni, anamimina chai. Alielewa kwamba anafichiwa aibu. Alielewa kwamba ni upendo. Lakini hebu fikiri upendo wa namna hiyo unavyouma, kwa kuwa kila Yoramu alipoyasema maneno yale alikuwa anamfuta. Mwanamke aliyepokea mbao miaka yote ile, aliyetukanwa kwa ajili ya suruali, aliyeitunza mikono ya mtu kuliko anavyotunza ya kwake, akawa mtu ambaye hakuwepo. Kuna siku alitamani kusimama katikati ya wageni aseme, nilikuwepo, kigoda kilikuwa changu. Hakusimama. Alimimina chai, akainuka kuongeza maji kwenye birika.

Wageni walipopungua, Yoramu alimwambia Tereza asihangaike tena na mambo ya mashine, apumzike. Hakulisema kwa hasira. Mashine alimpa Thobias aitumie palepale uani, akamfundisha kanuni ya plagi na kumwapisha. Thobias akaapa, kisha akafanikiwa kupata swichi mpya, akaifunga ukutani, na kanuni ikaanza kuonekana mambo ya kizamani. Yoramu alijifunza kula kwa mkono wa kushoto na kuandika jina lake upya. Randa ilimshinda. Akawa anakaa mlangoni anauza misumari na gundi, na haimbi. Pete za ndoa zilibaki kwenye msumari wake, moja juu ya nyingine, mpaka binti yao Lea alipozitoa akazifungia kabatini. Na Anastazia, aliyekuwa kifuani mwa Tereza umeme uliporudi, alihamia Makole miezi michache baadaye. Hawakugombana. Ila kila mmoja akimwona mwenzake alikuwa anaona siku ile, na salamu zao zikawa fupi, halafu zikaisha.

Ndipo yakaanza yale ya redio na plagi, ambayo watu waliyacheka.

Miaka ikaenda. Lea aliolewa Kondoa. Yoramu akaanza kukohoa, kile kifua cha watu waliokula vumbi la mbao maisha yao yote, akadhoofu, akawa wa kulazwa na kurudishwa. Jioni moja, yuko kitandani kwake, umeme ukakatika. Tereza aliacha bakuli la uji, akaenda kuchomoa redio, akakaa na plagi mapajani. Yoramu alikuwa anamtazama. Kwa sauti iliyobaki akasema, "Mimi ndiye sikutazama, mama Lea. Ningetazama."

Akamnyooshea mikono, ule mzima na ule wa kidole kimoja, ameifungua. Tereza aliikamata yote miwili akailaza usoni mwake, akalia kilio cha miaka. Alilia kwa kushukuru, na alilia kwa uchungu pia, kwamba maneno mafupi kiasi kile yalikuwepo siku zote, na wawili hao walikuwa wanalala kitanda kimoja, na hakuna aliyeyatoa. Huo ndio ukweli. Yoramu alifariki wiki ileile.

Msiba ukawekwa palepale nyumbani. Tereza aliketishwa ndani kwenye mkeka, amefunikwa kanga, wanawake wamemzunguka, na wifi yake Debora kutoka Mvumi akasimamia kila kitu kwa sauti kubwa. Uani Thobias alikuwa anapasua mbao za jeneza kwa mashine ya marehemu mwenyewe. Wanaume waliokuja kuzika walijaa mle chini ya bati, wengine wameegemea ukuta, wengine wameegemea meza, kila mmoja anataka kushika ubao asaidie. Tereza alikuwa amelala ubavu, macho yamefumba, anaisikiliza mashine. Aliijua mbao ngumu ilipo kwa sauti tu. Mara ikakoroma, ikanyamaza katikati ya ubao.

Akainuka. Debora alimshika kanga, akamwuliza anakwenda wapi, mfiwa hatoki kwenye mkeka, watu watasema nini? Kanga ilibaki mikononi mwa Debora. Mama wa watu alitoka na gauni lake, kichwa wazi, akavuka uani, wanaume wakampisha wakidhani uchungu umempanda kichwani. Thobias alikuwa ameinama, ameinua kinga, anatafuta msumari ulionaswa na msumeno. Swichi alikuwa ameizima, kweli. Lakini plagi ilikuwa ukutani, na bega la bwana mmoja aliyejiegemeza lilikuwa linaigusa ile swichi.

Tereza alichomoa. Akakiona kigoda chake cha zamani chini ya mbao, akakivuta, akakaa karibu na ukuta na plagi mapajani, mahali pa wazi. Thobias aliinua macho, akamwona, akaona na lile bega lilipo. Uso ulimwiva. Akainama tena kwenye kazi yake polepole.

Ndipo kilio kikatokea barabarani. Anastazia alikuwa amepata habari kule Makole, amekuja kwa miguu, amezeeka, kanga imemwanguka mabegani, anamwita shoga yake kwa jina. Wanawake walimwelekeza uani. Akaja amefungua mikono yake miwili ili ampokee mjane kifuani, kama inavyopasa. Na watu wote mle chini ya bati wakageuka kumtazama Tereza ainuke.

Hakuinuka. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, lakini alikaa. Nyuma kule Debora alisikika akisema hii sasa ni aibu, mtu anakuja kukulilia unamkalia kwenye kigoda kama malkia. Anastazia alisimama mbele yake, mikono bado iko wazi, hajui aiweke wapi. Kisha akaona plagi. Akatazama mashine, akaona mikono ya Thobias imo ndani. Kilio kikamkatika kooni. Alishusha mikono, akakaa chini kwenye vumbi la mbao kando ya kigoda, bega lake likigusa goti la Tereza, na wote wawili wakangoja.

Thobias alitoa msumari, akarudisha kinga, akajifuta jasho. Akaja mbele ya kigoda.

"Weka, mama."

Tereza hakusogea. "Nionyeshe mikono," akasema.

Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, alifungua viganja vyake mbele ya watu wote. Tereza alikitazama kimoja, akatazama kingine, akavihesabu vidole bila kutoa sauti. Aligeuka ukutani akachomeka plagi. Halafu akainuka kwenye kigoda, akamfungulia Anastazia mikono.